Umeme Unapokonyeza: Namna ya Kuzuia Kiwanda Kisisimame kwa Mshuko wa Nusu Sekunde

PVC ikiungua ndani ya mashini, pua haikosei. Ni harufu kali yenye asidi, inayokamata koo na kutoa machozi. Niliivuta miaka mingi nikiwa fundi umeme katika kiwanda cha mabomba ya maji, upande wa Kampemba hapa Lubumbashi. Chanzo kilikuwa karibu kila mara kilekile: taa zilipepesa mara moja, kama mtu aliyekonyeza jicho, kisha mashini ikanyamaza. Taa zilikuwa zimekwisha kurudi kabla mtu hajasema neno, lakini parafujo kubwa inayosukuma plastiki ilikuwa imesimama. Plastiki iliyobaki ndani ya silinda, kwenye joto la karibu nyuzi 180, ikaanza kugeuka kahawia, halafu nyeusi. Kufungua kichwa, kutoa parafujo, kuikwangua kwa vikwangulio vya shaba ili isichubuke, kufunga, kupasha moto upya: zamu imekwisha. Na umeme ulikuwa umepungua kwa muda usiofika nusu sekunde.

Nawaandikia wadogo zangu mnaotunza viwanda kama kile: mabomba, sabuni, mkate, vinu vya mahindi, mashini za kuponda mawe. Nataka msipoteze miaka niliyopoteza mimi, na patron wenu, mwenye kiwanda, asipoteze pesa ambazo wa kwetu alikuwa karibu kuzipoteza.

Tenganisha magonjwa matatu

Watu hapa husema tu "kuran mubaya", yaani umeme mbaya, na chini ya jina hilo kuna magonjwa matatu tofauti. La kwanza ni kukatika, umeme unaondoka kabisa. La pili ni volteji ndogo ya kudumu: jioni mtaa mzima unawasha resho za kupikia bukari, na mita yako inasoma 350 badala ya 400 kwa saa tatu mfululizo. La tatu ndilo letu: volteji inazama ghafla na kurudi yenyewe. Katika vitabu vya ufundi mshuko huhesabiwa kuanzia volteji inapoanguka chini ya asilimia 90 ya kawaida, kwa muda wa kati ya milisekunde 10, yaani nusu ya mzunguko mmoja wa umeme wetu wa 50 Hz, na dakika 1. Mingi niliyoipima mwenyewe ilikwisha ndani ya robo sekunde.

Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya mmoja haitibu mwingine. Jenereta hutibu kukatika. Mpaka iwashwe na kushika kasi, mshuko umekuja, umekwenda, na mashini imeshasimama. Kapasita za kusahihisha kosaini (kipimo cha jinsi umeme unaovutwa unavyofanya kazi kweli) hupunguza gharama na kuinua volteji kidogo, ila haziwezi kushikilia umeme unaozama. Stabilaiza kubwa yenye brashi inayotembezwa na mota ndogo hutibu volteji ya jioni vizuri sana, lakini brashi hiyo inahitaji muda kusogea, na mshuko haumsubiri mtu. Patron wetu alikuwa tayari kununua stabilaiza ya kiwanda kizima. Nilimwomba mwezi mmoja na nusu na daftari la kurasa 100.

Daftari kabla ya bisibisi

Kila mara umeme ulipokonyeza, aliyekuwa zamu aliandika mstari mmoja: tarehe, saa na dakika, kilichosimama, kilichoendelea, hali ya hewa, na sisi wenyewe tulikuwa tunawasha nini wakati ule. Kijana wangu wa zamu ya usiku alikuwa akinipigia simu, "Papa, kuran imekonyeza tena," nami namwuliza jambo moja tu: nini hakikusimama? Swali hilo lina thamani kuliko la kwanza. Kilichobaki hai kinakuambia kina cha mshuko. Kama variata (kifaa cha elektroniki kinachoongoza kasi ya mota) imezima lakini kontakta zote (swichi za mota zinazoshikwa na sumaku ya koili) zimeshika, mshuko haukuwa mkubwa. Kama kontakta zimeachia na hata kompyuta ya ofisini imejiwasha upya, ulikuwa wa kina au mrefu. Taa za sodiamu za uwanjani nazo ni mashahidi: zikizimika kwa mshuko hazikubali kuwaka hadi zipoe dakika kadhaa, kwa hiyo ukikuta uwanja giza na mashini zote zinaenda, umepata habari.

Baada ya wiki sita tulikuwa na mistari 23. Minane iliendana na mvua ya alasiri. Sita hatukuielewa. Na mistari 9, ambayo iliniumiza kichwa usiku kucha, ilianguka asubuhi kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro, siku za kazi tu, Jumapili hakuna hata mmoja. Ule haukuwa umeme wa mtu mwingine. Ilikuwa kompresa yetu wenyewe.

Fanya hesabu pamoja nami, maana ni hesabu ya dakika tano. Transfoma yetu ilikuwa ya 250 kVA, ambayo kwa 400 V inatoa amperi 361. Kwenye kibao chake imeandikwa asilimia 4, ndiyo volteji yake ya mzunguko mfupi, yaani sehemu ya volteji inayopotea ndani yake ikibeba amperi zake zote. Kompresa ya kW 55 hula kama amperi 100 ikiwa kazini, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 7, yaani 700. Gawanya 700 kwa 361, zidisha kwa 4: karibu asilimia 8, sawa na volti 32. Kama asubuhi ile umeme wenyewe unakufikia ukiwa 370, umeshuka hadi karibu 338. Ongeza kinachopotea kwenye kebo yako ndefu. Uko chini ya asilimia 85, na hapo ndipo ubishi wa kontakta unapoanza.

Mhalifu mdogo mwenye ukubwa wa kidole gumba

Mota kubwa haijali sana mshuko wa milisekunde 200. Ina uzito unaozunguka, itapungua kasi kidogo na kurudi. Inayoisimamisha ni koili ya kontakta, kitu cha wati chache. Kwa kanuni za kimataifa za IEC, kontakta ya mkondo geu (AC) inatakiwa kushika vizuri kuanzia asilimia 85 ya volteji ya koili yake, na kuachia mahali fulani kati ya asilimia 75 na 20. Kati hapo hakuna ahadi. Nilizojaribu mezani, za koili ya 230 V, ziliachia kwenye volti 110 hadi 130, na zile kuukuu zenye vumbi ziliachia mapema zaidi. Ikiachia, mzunguko wake wa kujishikilia unakatika, na mota haiwaki tena hadi mtu abonyeze kitufe.

Kiwanda chote, basi, kinaning'inia kwenye sehemu yake dhaifu kuliko zote, na sehemu hiyo ni ya bei ndogo. Hilo ndilo lililomfanya patron afunge kitabu cha stabilaiza.

Kwa kinu cha mahindi mambo yana sura nyingine. Nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volteji: volteji ikiwa asilimia 80, nguvu inabaki 64, ikiwa 70, inabaki 49. Kinu kilichojaa punje kikikutwa na asilimia 70 kwa sekunde nzima kinaweza kukwama hata kama kontakta imeshikilia, na mota iliyokwama huvuta mkondo kama inayoanza. Kwa hiyo kwenye kinu, ukikinga koili, hakikisha relei ya joto, inayokata mota ikizidiwa, ni nzima na imewekwa kwa amperi za kwenye kibao cha mota.

Unatoka wapi?

Fikiria bomba la maji linalolisha mitaa mitano ya Katuba. Mtaa mmoja bomba likipasuka, mitaa yote mingine inaona maji yamepungua nguvu, mpaka mtu afunge valvu ya kule kulikopasuka. Umeme ni hivyohivyo. Tawi la mti likigusa waya, radi ikipiga kichwa cha nguzo, mchimba mtaro akikata kebo, mkondo mkubwa unakimbilia pale. Wote mnaolishwa na basibaa (fito kuu za kugawia umeme) ileile ya kituo mnashuka pamoja, hata kama laini iliyoharibika si yenu. Muda wa mshuko wenu ni muda ambao ulinzi wa laini ile unahitaji ili kufungua swichi. Aliye karibu na hitilafu anazama sana, aliye mbali anazama kidogo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa zetu, daftari litajaa haraka.

Hitilafu kwenye nyaya kubwa za 220 kV husikika mji mzima kwa wakati mmoja. Piga simu kwa fundi mwenzako wa Ruashi au Kipushi: kama naye ameona dakika ileile, chanzo kiko juu, kama hajaona, kiko karibu na ninyi. Tulikuwa watu wanne tuliopigiana hivyo, na simu hizo zilitatua mistari minne kati ya ile sita.

Wengi hulaumu Inga, kituo kikubwa cha umeme wa maji, kwa kila kitu. Waya wa Inga hadi Kolwezi, wa kilomita zipatazo 1,700, hubeba mkondo mnyoofu (DC) na kugeuzwa kuwa mkondo geu Kolwezi, kwa hiyo mshuko wa mitaa ya Kinshasa hauji hivihivi Lubumbashi. Waya ule ukipoteza nguvu, kusini kunakosa umeme wa kutosha, na hapo huja kukatwa kwa zamu. Huo ni ugonjwa wa kwanza, si wa tatu.

Kupima

Multimita ya mfukoni haiuoni mshuko. Namba zake hubadilika mara chache kwa sekunde, nao mshuko umekwisha. Unahitaji kifaa cha kurekodi ubora wa umeme chenye fezi tatu. Kikodishe au kiazime kwa wiki mbili. Weka kizingiti asilimia 90, kiunganishe mahali umeme unapoingia kiwandani, rekodi volteji na mkondo pamoja. Sababu ya mkondo ni hii: volteji ikishuka huku mkondo wako ukipanda ghafla, mwenye kosa ni wewe. Volteji ikishuka na mkondo wako haukuwa umepanda kwanza, kosa ni la nje.

Angalia pia fezi ipi. Hitilafu ya waya mmoja upande wa juu inaweza kukufikia, baada ya kupita transfoma ya delta kwa nyota (namna nyaya zake zilivyofungwa pande mbili), ikiwa imeshusha fezi mbili na kuacha ya tatu nzima. Ndiyo maana mashini mbili zinazofanana, moja ikidhibitiwa kwa umeme wa fezi ya kwanza na nyingine kwa wa fezi ya tatu, hufanya tofauti. Nilihangaika na fumbo hilo miezi miwili, nikabadilisha kontakta nzima mara tatu bila sababu.

Tiba, kuanzia ya bei ndogo

Anza na kompresa. Gharama yake ni sifuri: iwashe kwanza, bila mzigo wa hewa, kabla ya kuwasha mashini nyingine. Kisha, pesa zikipatikana, iwashe kwa nyota-delta, ambayo hupunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi moja, au kwa kifaa cha kuanzisha polepole. Mistari yetu tisa ya asubuhi ilifutika kwa kubadilisha ratiba tu.

Pili, transfoma. Nyingi zina swichi ya kuchagua hatua, kila hatua asilimia 2.5. Kama volteji yako ya mchana ni 370 wakati wote, hatua moja au mbili zitakuondoa ukingoni. Swichi hiyo hugeuzwa transfoma ikiwa imezimwa pande zote mbili na kuunganishwa na ardhi, na kama transfoma si yenu, si kazi yenu kuigusa. Pima pia usiku wa Jumapili kabla ya kuamua, maana wakati huo volteji hupanda, na hatua ya mchana inaweza kuunguza taa na vifaa vya elektroniki.

Tatu, na hapa ndipo faida ilipo: mzunguko wa kudhibiti, yaani nyaya ndogo zinazoamuru mashini iwake au izime. Usiulishe kwa fezi moja na nyutro kama mafundi wengi wanavyofanya kwa uvivu. Sisi tuliweka kigeuzi cha kutoa 24 V ya mkondo mnyoofu, kile chenye maandishi 100–240 V upande wa kuingia. Kikilishwa 230 V, mshuko hadi chini kidogo ya nusu haukigusi kabisa. Kinaendelea kutoa 24 yake kana kwamba hakuna lililotokea. Relei zote, vihisio na kompyuta ndogo ya mashini vikahamia hapo. Lakini usiishie katikati: ukibadilisha relei ndogo na kuacha kontakta kubwa yenye koili ya zamani, itaachia vilevile. Agiza koili ya elektroniki ya masafa mapana, au ya mkondo mnyoofu, na uhakikishe kigeuzi kinaweza kubeba mkondo wa kuivuta.

Njia nyingine ni onduleri ndogo (UPS, yenye betri) kwa mzunguko wa kudhibiti peke yake, si kwa mota. Chagua inayofanya kazi wakati wote na kutoa wimbi laini. Zile za bei rahisi za kompyuta hutoa wimbi la ngazi, na koili hunguruma na kupata joto.

Nne, relei za kuangalia fezi na volteji. Nimezikuta zimewekwa milisekunde 100 tangu zitoke dukani. Zipe nusu sekunde, kama mtengenezaji wa mota anaruhusu. Dakika moja na bisibisi, na mishuko mingi inapita bila kusimamisha kitu.

Tano, variata. Ndani yake kuna basi (njia ya ndani) ya mkondo mnyoofu, karibu 540 V ukiilisha 400, na ikishuka chini ya kiwango chake inajizima na kuandika hitilafu. Fungua kitabu chake utafute mambo mawili. La kwanza ni kutumia uzito wa mota inayozunguka kujilisha; kwa feni kubwa ni zuri sana, kwa parafujo ya plastiki halisaidii kitu, kwa sababu parafujo inayosukuma uji mzito husimama papo hapo. La pili ni kufuta hitilafu yenyewe na kuikamata mota upya ndani ya sekunde moja. Hilo ndilo lililookoa PVC yetu: sekunde moja ya kusimama plastiki inavumilia, dakika ishirini haivumilii.

Ukinunua mashini mpya, muulize muuzaji kwa maandishi kama inavumilia kiwango cha SEMI F47: ibaki kazini umeme ukiwa asilimia 50 kwa sekunde 0.2, asilimia 70 kwa sekunde 0.5, asilimia 80 kwa sekunde 1. Kiliandikwa kwa viwanda vya chipu za kompyuta, lakini swali ni zuri kwa mashini yoyote. Asiyeweza kujibu, mwombe amtafute anayeweza.

Mikono ya watu

Soma sehemu hii mara mbili. Kontakta inayoachia umeme ukishuka ni kero, lakini pia ni mlinzi: inahakikisha mashini haijiwashi yenyewe umeme ukirudi. Tulipokuwa tukijaribu, mwenzangu mmoja aliweka mzunguko wa kushikilia kwenye kisagio cha mabaki ya plastiki. Umeme ulipungua, kisagio kikapunguza mwendo hadi karibu kusimama, kijana akadhani kimekwama na kunyoosha mkono kwenye mdomo wake. Umeme ukarudi. Aliuvuta mkono kwa wakati, na siku hiyohiyo nikaing'oa kazi yote ile.

Tangu hapo sikubali lolote la kujiwasha kwenye kisagio, msumeno, mashini ya kuvuta bomba, wala mahali popote mkono unapoingia. Popote pengine, kushikilia kusizidi sekunde moja. Mshuko ukizidi hapo, kila kitu kiachie na kisubiri kitufe. Kitufe cha dharura lazima kikate hata onduleri ikiwa inalisha. Kijaribu kwa vitendo, mbele ya wafanyakazi, kabla ya kukabidhi kazi.

Na mota zinazoruhusiwa kurudi zenyewe zisirudi pamoja. Zote zikivuta mkondo wa kuanzia kwa mara moja, unajitengenezea mshuko wa pili mbaya kuliko wa kwanza. Zipange kwa saa: pampu ya maji ya kupoza mara moja, parafujo ikifuata, feni baada ya sekunde 5, kompresa baada ya 30.

Kwenda kuzungumza na shirika la umeme

Usiende na hasira, nenda na nakala ya daftari na karatasi za kifaa cha kupima. Uliza laini ipi inawalisha, kituo kipi, na swichi zilizofunguka tarehe na saa ulizoandika. Mhandisi aliyezoea kusikia "umeme wenu ni mubaya" hukaa wima akiona dakika na asilimia. Kwetu, mistari mitatu ya mvua ililingana na laini moja inayopita katikati ya maembe, na matawi yalikatwa kabla ya msimu uliofuata.

Daftari usilifunge. Liendelee, na kwenye ukurasa wa mwisho andika matengenezo: chemchemi za kontakta zilizosafishwa lini, mipangilio ya variata yote kwa namba, ili akija fundi mwingine akarudisha ya dukani ujue. Betri ya onduleri kwa joto letu la Oktoba haifiki mbali. Ijaribu kila miezi sita kwa kuvuta plagi mashini zikiwa tupu, na uandike tarehe ya betri mpya kwa rangi juu ya kisanduku chenyewe.